Neno Gona

Jumatatu, 4 Machi

Darasa la kwanza! Chumba kiko juu ya duka la dawa, unapanda ngazi za chuma. Viti vya plastiki. Ubao haufutiki vizuri, somo la jana linachungulia chini ya la leo. Tuko wachache: kinyozi, mlinzi wa benki, dada mmoja wa mapokezi, na mimi – mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo. Ananiita Mama.

Tulijitambulisha. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mimi napiga pasi kwa dobi. Darasa likacheka. Kumbe nimesema mimi ni pasi! Nikacheka nao. Si uongo sana.

Baba Kadogo hajui. Nimemwambia kwa dobi kazi ni nyingi, nachelewa. Nataka iwe sapraizi. Mkwe wangu, mume wa binti yetu Kadogo huko ng'ambo, hana Kiswahili zaidi ya "asante", na mwezi wa sita nikienda kumpokea mjukuu sitaki kukaa kwao kama begi lililosahaulika. Nataka kuongea na manesi mwenyewe. Nataka nikisemwa nijue.

Jumatano, 6 Machi

Kadogo amepiga. Yaani amempigia baba yake. Hao wawili wanaongea Kiingereza tangu Kadogo yuko sekondari – mzee alikuwa anamfundisha mezani, ikawa lugha yao. Miaka yote hiyo mimi naosha vyombo, nasikia wanacheka. Sikuwahi kuuliza wanacheka nini.

Sikio moja la mzee ni bovu, kwa hiyo simu huwa anaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia. Wala hajali. Mbele ya Kiingereza mimi ni ukuta.

Leo ukuta umetega sikio. Nimeshika neno moja: gona. Kila baada ya muda, gona. Mzee kasema, "Am gona tel ha." Nimetafuta kwenye kamusi, herufi G, mstari kwa mstari. Hakuna!

Mwishoni nikapewa simu. Shikamoo Mama, presha inaendeleaje, unameza dawa, haya Mama nakimbilia kazini. Kamera ya simu yake bado mbovu. Toka Januari sijauona uso wake wala tumbo lake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemuuliza mwalimu kuhusu gona. Alifurahi mpaka akapiga makofi! Kumbe ni "going to" iliyotafunwa. Kwenye maandishi utaikuta nzima, mdomoni wanaimeza. Kama sisi tunavyosema ntakuja, na kwenye barua tunaandika nitakuja.

Nikauliza, going to wapi? Wanakwenda wapi? Hawaendi popote. Ni jambo ambalo mtu ameshaliamua kabla hajafungua mdomo. Ukiamua hapo hapo unatumia will. Kwenye matangazo nako, will. Nikakumbuka bango letu dukani: nguo isiyofuatwa kwa mwezi mmoja "will be sold", itauzwa. Miaka nimelifuta vumbi bango lile, leo nimelisoma.

Kiswahili tuna hii ta yetu tu. Nitakuja. Umeshaamua, au umeamua sasa hivi, au unanituliza tu – yote ta.

Basi "Am gona tel ha" ni: nimeshaamua kumwambia. Kumwambia mwanamke. Mwanamke gani?

Jumapili, 10 Machi

Nilimuuliza mzee habari za tiketi, maana bosi ameshanipa likizo. Alikuwa anang'arisha mawe yake ya mizani – kazi yake ni kukagua mizani za maduka, na Jumapili huyasugua kama anataka yatoe mafuta.

"Tutaona, Mama Kadogo."

Nikamtazama. Hiyo ni ta ipi?

Alhamisi, 14 Machi

Leo "was going to". Nimeipenda! Ni ile going to, ila imewekwa nyuma. Mtu alikusudia, jambo halikuwa. "I was going to call you" – nilikusudia kukupigia, yaani sikupiga. Kinyozi akasema, aah, hiyo ndiyo "nilikuwa njiani nakuja" ya mteja aliyelala. Nikanyoosha mkono: Kiswahili si ni "nilikuwa nije"? Mwalimu akaiandika ubaoni. Neno langu, ubaoni!

Tukatunga sentensi. Mlinzi alikuwa awe mwanajeshi. Dada wa mapokezi alikuwa aolewe, akasema kavu kabisa. Mimi: I was going to be a nurse, nilikuwa niwe nesi. Mwalimu akasema haina kosa hata moja.

Nimerudi na hamu ya kumwonyesha mtu. Mzee alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Akauliza kama chakula kiko tayari.

Jumapili, 17 Machi

Niandike polepole.

Nilikuwa jikoni nakunja mashuka. Mzee kakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, simu juu ya goti, sauti kubwa kama kawaida. Kadogo anaongea chini chini. Sikuwa natega sikio sana. Halafu akasema:

"We were gona name her after Mum."

Nimeelewa! Yote, kwa mwendo wao, na kumeza kwao. Nilitabasamu pale dirishani kama mwehu. Mtoto ni wa kike! Jina ni langu! Mungu anisamehe, furaha yangu ya kwanza ilikuwa ya mwanafunzi.

Halafu nikaisikia were.

Hakusema are. Alisema were. Walikuwa wampe jina langu.

Mzee akajibu, I know, my dear. Najua, mpenzi. Sauti hiyo mimi hajawahi kuniongelesha nayo. Kisha akasema tena ile yake, am gona tel ha, na safari hii sikuuliza mwanamke gani.

Akaingia ndani. "Kadogo anakusalimu. Hajambo."

Nikasema asante. Nikapakua. Tukala.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeunguza kola ya shati jeupe. Bosi kanitazama, kanisukumia kiti.

Baada ya darasa nilibaki. Nikamuuliza mwalimu: mtu anaweza kusema were going to, na jambo lenyewe bado lipo? Akafikiri. Anaweza, Mama. Tulikuwa tuondoke leo, lakini tutaondoka kesho. Ila hapo lazima utasikia but, ile lakini. Ukiisikia, subiri, kuna habari inakuja.

Nimeshuka zile ngazi nimeishikilia but kama reli. Njia nzima nairudisha sauti ya Kadogo kichwani. Hakuna but. Baada ya "Mum" alivuta kamasi tu.

Jumanne, 19 Machi

Nimempigia mwenyewe. Hakupokea. Kaniandikia: Mama ntakupigia.

Ta.

Alhamisi, 21 Machi

Sikwenda darasani. Nimejumlisha: kamera haikuharibika Januari. Mwanangu alikuwa kitandani hospitali, mimba imetoka, na mimi huku namwandikia ale mboga za majani.

Nasubiri waniambie. Nawapa nafasi. Jana nilizima redio, nikakaa mbele ya mzee, mikono mapajani. Akauliza kama umeme umekatika.

Jumamosi, 23 Machi

Mchana, mezani. Mzee kasafisha koo. Akaanza: safari hii tuisogeze mbele kidogo, mambo ya viza yana mlolongo, na wewe presha yako...

Nikaweka kijiko chini. Sikupanga. Ilitoka yenyewe, imenyooka:

"When were you going to tell me?"

Akanigeuzia sikio zima. "Umesemaje?"

Nikarudia. Nikamwongezea na Kiswahili chake: "Ulikuwa uniambie lini?"

Akavua miwani. Akaikunja, akaikunjua. Unajua aliuliza nini? Katika yote?

"Nani kakufundisha?"

"Kadogo kanifundisha. Jumapili, pale kwenye ngazi."

Akainama. Daktari alionya usipewe mshtuko, akasema. Mwaka jana ulivyolazwa. Mimi na mtoto tukaona tungoje kwanza –

"Mkaona. Nyie wawili."

"Tulikuogopea, Mama Kadogo."

"Na yeye? Alikuwa na nani pale kitandani?"

Akajibu akiitazama miwani. Mume wake alikuwa melini kazini, kumbe. Alirudi baada ya wiki. Hilo nalo nimelipata leo, juu ya sahani. Mwanangu alikuwa peke yake na manesi.

Nimekuja chumbani, nimerudisha mlango. Naandika kwenye magoti. Kichwa hakiniumi – presha yao hiyo, wala siioni.

Yuko sebuleni, kapiga simu. Namsikia. Anaongea na Kadogo Kiswahili! "Anajua. Hapana, si mimi. Kajua mwenyewe. Sijui, mwanangu, sijui tangu lini."

Viatu vyake. Kasimama nje ya mlango.

Anabisha. Chumba hiki ni chake, nguo zake ziko humu, tangu tuoane hajawahi kubisha.

"Hodi, Mama Kadogo."

Simu kaiweka sauti kubwa. Nasikia Kadogo anavyopumua, upande wa pili wa mlango.

"Mama," anasema. "Mama, shikamoo."

Mlango sikuufunga kwa ufunguo. Asukume tu. Mbona hasukumi?