Bangili Aliyoivua Munyao

Mumbuni,
Machakos.
14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Erastus,

Pokea salamu zetu. Natumaini joto la Doha halijakulemea na kwamba kile kifua kimepoa. Sisi ni wazima. Mama anauliza kama unakula vizuri; nimemjibu kwa niaba yako kwamba unakula.

Najua unachosubiri. Munyao, mdogo wako, yu hai. Walimtoa wengu, na jana alikunywa uji mwenyewe. Daktari anasema wiki hii ikipita bila homa, atarudi nyumbani.

Uliniuliza kwa simu kama zile bangili ndizo zilizomchelewesha. Kutathmini majaribio ya bangili hizo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo lipime hata neno langu. Ukuta wa machimbo ya mawe ulipowaporomokea Munyao na wenzake kule Mlolongo, majeruhi walikuwa wengi na wauguzi wachache. Walianza kuwavisha majeruhi bangili zenye vihisi vinavyosoma mapigo ya moyo na pumzi. Taa nyekundu humaanisha mtu abebwe kwanza. Kijani, anaweza kungoja.

Ya Munyao iliwaka nyekundu. Kwa macho hakuwa na jeraha. Damu ilikuwa ikivujia tumboni. Kando yake alilala Mzee Masila, mguu umevunjika, naye alikuwa hajavishwa bangili bado. Munyao aliona wenye nyekundu wakibebwa, akaivua yake akamfunga Masila, kwa kuwa mkubwa hatanguliwi. Aliichukua kama namba ya foleni. Lakini bangili haishiki zamu ya mtu. Husoma mwili wa aliyeivaa. Mkononi mwa Masila ikageuka kijani, na kwenye skrini ya wauguzi ikaonekana kana kwamba Munyao amepata nafuu.

Muuguzi Nzilani hakuiamini nafuu ya ghafla namna ile. Alikwenda kutazama, akamkuta Munyao amezimia, mkono mtupu. Basi kifaa kilimtambua mapema kuliko jicho la mtu, na nusura kimpoteze. Sijui lipi kati ya hayo ndilo jibu lako.

Masila huja wodini kwa magongo kila saa ya kuona wagonjwa.

“Nani alikwambia mimi ni mzee? Niko na meno yote,” Masila alimtania Munyao.

“Hayo meno ndiyo yaliyoniogopesha,” Munyao akamjibu jana, na muuguzi akawaonya wasichekeshane, nyuzi za mshono zisije zikaachia.

Katika ripoti yangu nimependekeza bangili ziwe na kifungo kisichofunguka ila kwa mkasi wa muuguzi. Nilidhani hilo linatosha, hadi nilipomweleza Munyao.

“Sawa, dada, mtafunga mkono. Si ningemwambia tu muuguzi aanze na mzee?”

Nikamuuliza kama angesema hivyo hata akijua anakufa.

“Na wewe ungetaka nibebwe nikimpita mzee pale chini?”

Nilirudi kwenye ripoti nikaongeza sentensi moja: muuguzi asimtii mgonjwa anayetoa zamu yake. Sina hakika nina haki ya kuiandika, maana hivyo ndivyo tulivyolelewa, yeye, wewe na mimi. Huenda ninaandika kama dada na si kama mtathmini. Hata hivyo nimeiacha. Heri awe hai, atukasirikie.

Mama, Shangazi Mwikali na mkeo Kamanthe wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akufunike huko uliko, na mkono wako usikose kazi wala afya.

Wako akupendaye daima,
Kaluki