Kaka, Aabo Alikuwa Hasikii

Kaka Yusuf,

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha shule, maana kwa Kisomali ningekutukana, na arubaini ya Aabo bado haijaisha.

Unakumbuka jinsi baba yetu alivyokuwa akisikia kengele ya ngamia aliyepotea kabla yetu sote? Alisimama kimya, akanyoosha kidole: "Kule." Tukakimbia, wewe mbele, mimi nikilia unisubiri.

Ukame ulipomaliza wale ngamia, wewe ulikuwa umeshakwenda ng'ambo. Aabo akaenda uwanja wa ndege kupakua unga wa wakimbizi. Ndege nyingine hazikuzima injini. Alibeba magunia zikinguruma pembeni yake, amejiziba masikio kwa vitambaa, miaka nenda rudi. Hakuwahi kulalamika. Alianza tu kutabasamu kila alipoulizwa jambo.

Mwaka jana ukaja. Ukakaa mkekani mbele yake, ukatoa kipande cha paneli mnazotengeneza kiwandani kwenu: bati jembamba lenye vitundu, ndani vijumba kama sega la asali.

"Tunazibandika ndani ya injini ya ndege, Aabo. Zinameza kelele. Gundi ikiziba vitundu, paneli nzima inatupwa."

Akakipapasa, akatabasamu.

"Naoa, Aabo. Ni msichana wa huko, amesilimu. Nipe radhi yako."

Akatabasamu tena, akakurudishia kipande chako.

Ukainuka umevimba kwa hasira. Nilikukimbilia hadi mlangoni, nikakushika mkono. "Kaka, Aabo hasikii!"

"Hataki kusikia," ukasema. "Usimtetee, Hawa." Ukapanda gari.

Kutwa nzima unapima kelele isiwasumbue abiria wa watu. Baba yako kiziwi amekaa hatua moja kutoka kwako, na hukumtambua! Nikakuandikia kukueleza. Hukujibu. Baadaye ikaja kaseti kwa dereva wa lori. Aabo alipoona mwandiko wako juu yake alininyang'anya redio nilipoiweka na kuiwasha, akaipakata, akaweka kiganja kwenye spika.

"Anaongea," akasema, machozi yakimtoka. "Leo anaongea sana."

Ulikuwa unasema umeoa bila yeye, na kwamba hutakanyaga tena nyumbani kwake. Akaniuliza umesema nini. Nikafanya ishara ya pete kidoleni. Hayo mengine sikumwambia, na sijutii.

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo, kila baada ya swala, aliwaombea wewe na mkeo kwa sauti kubwa asiyoweza kuisikia mwenyewe. Mtaa mzima ulisikia. Wapita njia waliitikia amina. Hata mwalimu Mkristo jirani yetu alinisimamisha akaniuliza, "Yusuf ni nani?"

Basi chukua ulichokuja kutafuta. Radhi ya Aabo unayo, alikupa kila siku hadi alipofariki. Yangu huna.

Kaa salama huko.

Ni mimi dada yako, tumbo moja.