Nani Akae Madhabahuni, Nani Ashike Mkuki

Mshauri mpendwa, naomba uniokoe kabla hatujaanza kugawana vinara vya mishumaa.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, nauza miche, mbolea na vifaa vya bustani hapa Todmorden, na mimi na mume wangu Barnaby ni watu wa Thelema, dini inayofundisha kwamba kila mtu amezaliwa na Utashi wake wa kweli na kazi yake duniani ni kuutafuta na kuutimiza, na tafadhali usicheke, maana najua wasomaji wako wengine wakisikia hivyo wanadhani tunachinja paka, kumbe tuko watu kumi na kitu tu, tunakodi ukumbi juu ya duka la baiskeli, na kitu cha kutisha kuliko vyote humo ndani ni chai anayopika Barnaby.

Kila mwezi tunafanya Misa yetu, yeye akiwa kuhani na mimi kuhani wa kike, na inakwenda hivi: mimi namtoa kaburini, yaani ile pembe ya ukumbi tuliyoizungushia shuka jeusi, namvika joho, namkabidhi mkuki, naye ananishika mkono na kunipandisha madhabahuni, ambayo ni kabati la vyombo la marehemu bibi yake, ananifungia pazia, ananifungulia pazia, na kuanzia hapo yeye anazunguka na mkuki, anaomba, anabariki, na mimi nimekaa. Nimekaa, Mshauri, nimevaa sweta chini ya joho kwa sababu hita ya ukumbi inapasha vifundo vya miguu tu, huku shemasi wetu Dada Hester akisoma majina ya watakatifu, wafalme na washairi na wachawi, wote wanaume, hakuna mwanamke hata wa dawa, na wanapofika mwisho makalio yangu yamekufa ganzi siku nyingi.

Basi kipindi chote cha baridi nilikaa nikaiandika upya Misa bila kumwambia mtu, na nilitaka haki kabisa, kwa hiyo kila palipo na baba nikaweka na mama, kila jua nikalipa mwezi, kila mtakatifu mwanamume nikamtafutia mwanamke wa kwenda naye, makuhani wakawa wanne, wawili wa kuzunguka na wawili wa kukaa, na siku ya mazoezi nikawagawia wote nakala. Mwanzo tulienda vizuri. Kisha wale wawili wa kukaa wakapanda juu ya kabati pamoja, kabati likalia kama mbuzi, tukasimama, tukaliwekea matofali, tukaendelea, na kabla hata hatujafika nusu ya watakatifu, mkuu wa bendi ya tarumbeta, ambayo hutumia ukumbi baada yetu, akachungulia mlangoni akasema, "Samahani wapenzi, miungu yenu inamaliza saa ngapi? Tuna tarumbeta nje kwenye mvua huku."

Hester akafunga nakala yake. "Dada Ursula, hii si Misa. Hii ni kuhesabu mali dukani."

Nikamwambia angalau mali imehesabiwa yote, si nusu. Akasema hairuhusiwi kubadilisha hata herufi moja. Nikasema, "Kwa hiyo sisi wanawake tuendelee kukaa tu?"

"Kukaa tu? Unadhani kile ni kiti cha kusubiria basi?" Mama wa watu ana miaka zaidi ya sabini lakini alisimama kama askari. "Kile kiti nilikipigania wewe ukiwa bado chekechea. Wanaume wa siku zile walitaka tukae uchi tufunge midomo. Nikawaambia nitakaa kama malkia, na nguo zangu, la sivyo huo mkuki wenu nitauanikia soksi!"

Nyumbani tukiosha vyombo nikamuuliza Barnaby anasemaje. Akasema wanawake waongezwe wote ninaowataka, wajae mpaka dirishani, ila mkuki ni wake, ameuchonga mwenyewe. Nikamuuliza, "Ina maana mimi nisiushike hata mara moja?" Akasema, "Na mimi nikae pale juu? Watu wananitazama tu? Mikono yangu nitaiweka wapi?" Akacheka, nikamrushia kitambaa cha vyombo, akaenda kutoa takataka.

Sasa Misa ya machipuko imekaribia, siku ile mchana na usiku hulingana, na wageni wanatoka Leeds. Barnaby anasema mkuki ukibadilisha mikono yeye atabaki nyumbani. Hester anasema maneno yakibadilika ataondoka na vinara, ambavyo kweli ni vyake. Na mimi, Mshauri, dini hii naipenda, watu hawa nawapenda, lakini nahisi nikipanda tena lile kabati kama zamani, siku hiyo nikishuka sitarudi. Nisome Misa yangu mpya, au niikunje niinyamazie?

Ursula, Todmorden

*

Ursula, umenichekesha, halafu umeniudhi, na huo ndio mpangilio nitakaoufuata mimi pia, ila kinyume chake.

Misa yako mpya itie kwenye pipa la karatasi. Leo. Hester amesema kweli: ulichoandika ni hesabu ya mali. Mizani hailinganishwi kwa kupakia mawe pande zote mbili mpaka mti wake ukatike, na kabati la bibi wa watu lilikuambia hivyo kabla yangu. Usiku na mchana vinavyolingana siku ya machipuko havifanyi hivyo kwa kuongezewa saa. Vinapishana. Kimoja kinampisha mwenzake, basi. Ninyi mnaisherehekea siku hiyo kila mwaka kwa mishumaa na uvumba na bado haijawaingia kichwani!

Na nitakuambia kwa nini ulijaza kurasa zote hizo. Ulikuwa unakwepa sentensi moja fupi: Nataka kushika mkuki. Nimeitafuta katika barua yako yote sikuiona, ila imechungulia mara moja pale kwenye sinki, tena ikiwa swali. Mwanamke wa dini ya Utashi anaona haya kusema anachotaka, anaona afadhali awaandalie haki wanawake wote tangu Misri ya kale, ili yake ijifiche kwenye msongamano. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini wewe umevumilia hadi mbivu zimeoza mtini.

Sasa zamu ya wengine.

Hester anasema hairuhusiwi kubadilisha herufi. Mwambie kwa heshima zote, na kwa chai ambayo si ya Barnaby, kwamba katazo hilo nimelisoma na linahusu kitabu chenu kitakatifu. Misa ni kitu kingine, iliandikwa miaka kadhaa baadaye, na hakuna aliyeipiga kufuli hilo. Nimechoka na ugonjwa huu wa watu wa dini mpya kuzeesha mambo yao kwa makusudi. Misa yenu ni changa kuliko mabomba ya maji machafu ya Todmorden, na mabomba yenyewe yameshabadilishwa! Ile orodha ya wanaume watupu haikushuka na radi. Aliiandika mwanamume, akawaweka humo watu aliowapenda. Ruhusa alikuwa nayo. Na ninyi mna watu mnaowapenda.

Lakini ukishamaliza kumwambia hayo, Ursula, kaa kimya umsikilize, maana katika ugomvi wenu huu ni Hester peke yake aliyesema neno lenye uzito. Kile si kiti cha kusubiria basi. Alikipigania, akakukabidhi, nawe unakiita kabati. Wewe ndiye unayemtoa Barnaby kaburini, unayemvika, unayempa mkuki. Bila wewe hakuna Misa, kuna mwanamume amesimama nyuma ya shuka. Anayekaa pale juu ndiye anayezungukwa. Kama umekaa miaka yote hiyo ukihesabu ganzi ya makalio, nusu ya kosa ni la desturi iliyokunyima zamu, na nusu ni lako, umekalia kiti cha enzi kama mtu aliyefika mapema kwa daktari wa meno.

Tufike kwa Barnaby. Wewe umesikia mchoyo wa mkuki. Mimi nimesikia mtu mwenye hofu. Rudia maneno yake: mikono yangu nitaiweka wapi? Huyo haogopi kunyang'anywa mti, anaogopa kutazamwa akiwa hana mti. Wanaume tuliwafundisha hivyo sisi wenyewe. Mwanamume anajua kuheshimiwa akiwa ameshika kitu, mkuki, usukani, nyundo, hata rimoti. Mpandishe mahali umwambie hapa huna kazi, hapa wewe mwenyewe unatosha, uone atakavyohangaika kama kuku aliyeingia kanisani. Kumrushia kitambaa kulikuwa kuzuri, na mimi ningekirusha, lakini ulipaswa kumjibu.

Kwa hiyo mtafanya hivi. Kabla wageni wa Leeds hawajafika, fanyeni Misa moja ya nyumbani, milango imefungwa, maneno yaleyale ya siku zote, ila mmebadilishana. Yeye akutoe wewe kaburini. Wewe umpandishe yeye. Na Hester, si wewe, amfundishe kukaa, kwa sababu ni yeye anayejua kiti kile kilinunuliwa kwa bei gani, na nina hakika atamfundisha kwa ukali unaostahili. Barnaby akisema mkuki ameuchonga mwenyewe, usibishane. Mwachie. Wewe unauza vifaa vya bustani, chukua mpini wa reki, upake mafuta, uzunguke nao. Asibaki na kisingizio cha useremala. Nadhani akikuona unabariki watu kwa mpini wa reki atakuletea ule mzuri mwenyewe, mbio.

Watakatifu: kila mwanachama alete jina la mwanamke mmoja, ambaye akiulizwa kwenye chai anaweza kumzungumzia bila kusoma popote. Asiyekuwa naye asijazie nafasi. Yatakuwa machache, yatakuwa hai, na bendi ya tarumbeta haitalowa.

Na kuna jambo hukuligusa kabisa, ndiyo maana nimelikumbuka. Vikeki vya asali mnavyokula kwenye Misa anaoka nani? Majoho anafua nani? Nabahatisha, na ninajua sijakosea. Unaweza kuweka miungu wa kike mpaka darini, dada yangu, kama unga bado unakandwa na mtu yuleyule hamjasawazisha chochote. Barnaby aoke. Chai apike mtu mwingine yeyote.

Baada ya hiyo Misa ya nyumbani, ninyi watatu amueni nani afanye nini siku ya machipuko, na kuanzia hapo mpishane. Siku ukirudi madhabahuni utakuwa umechagua mwenyewe, na utashangaa jinsi kabati lilelile linavyokuwa refu.

Ila hayo yote yanaanzia jikoni kwako, leo, kwa ile sentensi fupi. Mwambie Barnaby, Nataka kushika mkuki. Usiieleze, usiitilie mwezi wala jua. Atakuuliza tena kuhusu mikono yake. Safari hii mjibu: aiweke juu ya magoti. Ndipo ulipoiweka yako wewe miaka yote, na wewe hukuwa na wa kumuuliza.