Kwa Kisilu, Kuhusu Makopo ya Vitamini na Mdomo wa Mama

S.L.P. 417,
Kajiado.
6 Machi 2004

Mpendwa ndugu yangu Kisilu,

Nakusalimu kutoka Kajiado, ambako vumbi limeingia hadi ndani ya kabati la vikombe na mvua inatuchungulia tu kutoka upande wa Ngong, kisha inarudi zake. Hujambo huko Halifax? Mgongo umeacha kuuma? Judy na mtoto wameizoea baridi, au bado mnalala na makoti? Mimi ni mzima. Darasa la saba limenimaliza sauti lakini maneno bado ninayo.

Naandika badala ya kungoja simu yako ya Jumapili kwa sababu simu hiyo huwa mkononi mwa mama, na sote tulioketi pale tunasema "tuko salama" kama kwaya. Hatuko salama sana. Uliuliza kwa nini mama hacheki kwenye picha ya Krismasi, ukadhani tumemuudhi. Nitafika hapo. Kwanza nikufokee.

Yale makopo ya vitamini unayomlipia mama kwa Joram, yakomeshe. Usingoje mwisho wa mwezi.

Huyo Joram mnayemwita daktari alikuwa Namanga akijaza fomu za malori. Mwaka juzi alikaa siku mbili katika ukumbi wa hoteli, kwenye semina ya wauza vitamini, akatoka na koti jeupe na mkoba. Siku mbili! Mimi hukaa na mtoto mwaka mzima na bado hajui ini liko upande gani. Sasa Joram anazunguka Kitengela nyumba kwa nyumba akitibu presha, magoti, utasa na mikosi, yote kwa kopo lilelile. Na wateja wake si watu wasiosoma, ndiyo maana nakasirika. Ni makarani, ni walimu wenzangu, ni wewe uliyefaulu biolojia.

Alimwambia mama achunguze mkojo wake baada ya kumeza. Ukawa njano kali kama jerikeni la mafuta ya kupikia. Mama akaogopa. Joram akamwambia, "Hiyo ni sumu inatoka, mama. Ukiona njano, jua unapona." Habari zikaenea, na Jumapili moja wanawake wawili wakasimama mbele ya kanisa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mkojo. Nilikuwepo, Kisilu. Nilitazama dari.

Ile si sumu. Ile njano ni vitamini yenyewe, moja ya lile kundi la B, inayotoka kama ilivyoingia. Vitamini C na za kundi la B huyeyuka katika maji, na karibu zote mwili hauna ghala kubwa la kuziweka. Unachukua unachohitaji leo, kinachozidi figo zinakitupa nje. Ndiyo sababu zinatakiwa zije kidogo kidogo kila siku, kwenye mboga, maharagwe, maziwa, yai, papai. Wewe unaamka gizani huko kwenye theluji, unafanya kazi ya zamu mbili, na jasho lako linapita ndani ya mama kwa saa chache na kuishia kwenye choo cha Kitengela. Hicho ndicho unachokinunua.

Jikoni nako nilikuwa na vita vyangu. Mama anachemsha kunde za majani na jiwe la magadi mpaka zinang'aa kijani kama mlango uliopakwa rangi jana. Rangi hiyo humdanganya kila mtu. Magadi na moto mrefu huiua vitamini C, na zile nyingine zinazoyeyuka huhamia kwenye maji. Kisha anayamwaga maji hayo nje ya mlango! Anabaki na nyuzi. Nimemhubiria habari hii tangu mwaka jana, naye hunijibu, "Mwalimu amekuja," kisha anamwaga.

Sasa sikia kilichotokea Jumamosi iliyopita. Nilimkuta amekonda hata gauni la kitenge limemwanguka mabegani. Pembe za mdomo zimepasuka pande zote mbili, na kuinuka kwenye kiti kulikuwa kazi. Nikamuuliza amekula nini wiki hiyo. Chai, mkate wa kuchovya, uji. Na mboga? Akanionyesha kopo.

Joram mwenyewe akaingia wakati huohuo na kopo jipya. Nikamkaribisha vizuri sana.

"Daktari, niambie, vitamini C inakaa wapi mwilini?"

"Kwa damu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ile ingine ikuje." Akamgeukia mama. "Huyu mwalimu wako ni wa chaki, hii ni sayansi. Nilikuambia, tembe mbili ni sahani moja ya mboga."

"Basi leo kwako mpike tembe," nikamwambia. "Uwape watoto na ugali."

Mama alicheka hata mabega yakatikisika, mkono umefunika mdomo. Joram akaweka kopo mezani, akasema ana wagonjwa wanaomngoja, akaenda zake. Mimi nikajiona nimeshinda.

Nikaingia jikoni kumpikia mama kama vitabu vinavyosema. Kunde nilizikata, maji kidogo, dakika chache, mfuniko juu, bila magadi, na maji yakabaki kwenye sufuria. Nikampakulia. Akazitia mdomoni, akazigeuza upande huu, akazigeuza upande ule, muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeomba, akazitoa polepole kwenye kona ya leso yake. Alidhani sioni.

"Mwaitu, mama yangu, ni chumvi?"

"Hapana. Wewe Kasyoki unasoma na macho. Mimi nakula na ufizi." Akakunja ile kona ya leso. "Hiyo tembe ya Joram inateremka yenyewe. Haiulizi meno."

Kisilu, nilijua aling'oa jino lake la mwisho mwaka juzi. Nilimpeleka mimi. Nikamrudisha nyumbani, nikamnunulia soda, nikarudi Kajiado kusoma vitabu vyangu. Hata siku moja sikujiuliza magadi ni ya nini, kumbe ni ya kulainishia kunde mtu asiye na meno. Na mawe hayo ya magadi, mimi ndiye nimekuwa nikimletea kutoka soko la hapa kila mwezi, kwa sababu anayapenda. Joram nilimdharau kwa kutomjua mgonjwa wake. Nimekuwa nikimhubiria mama bila kumtazama mdomoni, na dharau niliyombebea Joram nimejigawia nami sehemu yangu.

Jumatatu nilimpeleka kliniki. Afisa aitwaye Mugure, msichana mwenye akili na ulimi mfupi, alimtazama dakika moja tu. Mdomo bila meno hujikunja, mate yanakaa kwenye mikunjo, ngozi inapasuka. Alimpa dawa ya kupaka. Udhaifu ni njaa, akasema, njaa ya kawaida, ya mtu mwenye chakula ndani ya nyumba. Nikamwonyesha kopo. Akalisoma nyuma, akalirudisha, akasema, "Haya si mabaya. Lakini si chakula."

Sasa tunasaga. Kunde zinapikwa kidogo, zinapondwa kwenye kinu pamoja na maji yake, na mama anazinywa kama supu. Maziwa asubuhi, yai, parachichi, papai lililoiva. Jana alimaliza bakuli na kuomba jingine. Joram amekwisha kusikia kwamba anapata nafuu, na anatangaza sokoni kwamba makopo yameanza kufanya kazi. Mwache.

Lakini mama hatasaga maisha yake yote. Yuko fundi wa meno mzuri Nairobi, nimeshamwona. Mama amekataa katakata kupimwa. Si maumivu anayoyaogopa. Amesema ukijua atavaa meno ya bandia utajua kwamba yake yameisha, na utaanza kumwona mzee, utakuja kumzika badala ya kumtembelea. Ndiyo maana kwenye ile picha amefunga mdomo. Amekuficha miaka miwili, na makopo yako aliyapokea kwa furaha kwa sababu yalimsaidia kuficha.

Kwa hiyo Jumapili, ukipiga simu, usimwulize kama anameza vitamini. Mwambie unajua. Mwambie kwa utani, kama ulivyozoea kumtania, kwamba huko kwenu hata vijana wanavaa meno ya kununua. Kisha mwagize picha nyingine, na umwambie ile ya Krismasi huitaki.

Msalimie Judy, na mtoto mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mjomba Nzau anakusalimu na anauliza kama kuna ng'ombe huko. Mungu akutunze katika zamu zako, akulinde na barafu, na akukinge na kila mtu mwenye koti jeupe na semina ya siku mbili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukufokea kwa kipimo kimoja,

Kasyoki