Mabati ya Jikoni

Kaka Mika,

Shikamoo. Huku Lukozi kabichi zimekubali, na mchungaji mpya anahubiri mpaka viazi tulivyoacha jikoni vinaungua. Nakuandikia barua kwa sababu simu ikilia hapa nyumbani tunaisikiliza wote.

Upepo uling'oa mabati ya jikoni. Siku chache baadaye nikagundua Mama anameza dawa ya presha Jumapili tu. Nilipomuuliza akasema, "Nikianguka nyumbani si kitu, mwanangu. Aibu ni kuangukia kanisani. Hela ya dawa tununulie bati."

Nikamwambia wewe umeshatuma hela ya mabati. Alicheka kwanza, kisha akaamini. Ukweli ni kwamba nimemuuza mtamba wangu. Mama anadhani bado yuko kwa jirani anakula majani.

Jumapili atakupigia kukushukuru. Pokea shukrani, ila usijifanye mnyenyekevu sana, atashtuka. Kisha muulize kama anameza dawa kila siku. Mimi hunidanganya bila haya. Wewe uliyemwezekea jiko hatathubutu.

Mdogo wako anayekuombea uzima,
Beatha