Mwanajuma Alipoliweka Tarumbeta Chini

Alhamisi, baada ya Magharibi. Joto halijashuka. Ukuta wa chumba changu hapa Mji Mkongwe bado una moto ukiugusa kwa kiganja. Nimeoga mara mbili na bado nnahisi koti la gwaride limenigandama mgongoni.

Leo nataka kuandika habari za mtu mmoja tu.

Kwa anayeingia ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni askari, napiga ngoma ndogo katika bendi ya jeshi. Watoto wa mtaani kwetu wananiita Bi Beni, kwa ajili ya hiyo bendi, nami naitikia. Nyuma yangu kwenye mstari husimama Koplo Mwanajuma, mwanamke mwembamba ambaye amepewa tarumbeta kubwa kuliko yote, lile la kujizungushia mwilini. Ukimwona kwa mbali utadhani tarumbeta ndilo lililombeba yeye.

Mwanajuma ana pumu. Ilimpata akiwa tayari jeshini. Wapo wanaoficha mambo kama hayo, wakajipulizia dawa chooni na kurudi mstarini wakitabasamu. Yeye alikwenda mwenyewe kwa daktari, kisha akaenda kumwambia kiongozi wetu wa bendi, Luteni. Pampu yake ya dawa haimwondoki mfukoni, na sote tunaijua.

Ukweli huo ulimponza. Maneno yakaanza kwamba mwenye pumu hawezi kupuliza, atatuaibisha mbele ya wageni, bora apelekwe stoo akahesabu sare. Luteni akasema ataamua baada ya gwaride tunalojiandaa nalo. Mwanajuma hakubishana na mtu. Alizidi kufika mapema na kupuliza.

Leo yalikuwa mazoezi ya gwaride hilo, kwa sare kamili: koti zito lililofungwa mpaka shingoni, mkanda, kofia, glovu nyeupe. Tulipangwa uwanjani asubuhi tumsubiri mkubwa aje kutukagua. Mkubwa akachelewa. Jua likapanda, nasi tumesimama. Jasho liliniingia machoni nikashindwa hata kulifuta, maana ukishaambiwa usimame wima, hata nzi hufukuzi.

Kulia kwangu alikuwa Hamadi, mpiga matoazi. Kijana wa Matemwe, mcheza mpira, kifua kama mlango. Katika bendi nzima, ungeniuliza nani hawezi kuanguka, ningemtaja yeye. Nilichokuwa sikijui ni kwamba leo amefunga saumu ya sunna, na hakumwambia mtu.

Hatimaye tukaamrishwa kupiga. Pigo la kwanza la matoazi likaja sawa. La pili likachelewa. La tatu halikuja kabisa. Nikamtazama kwa pembe ya jicho, nikamwona anatabasamu. Uso umemwiva, macho hayako nasi.

"Baskeli yangu nani kaichukua?" akaniuliza, pale pale, katikati ya wimbo.

Kisha akaanguka.

Nasi tukaendelea kupiga. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwenye gwaride mtu akizimia hutoki mstarini. Unamwacha, watu wa huduma ya kwanza watakuja kumvuta. Vijiti vyangu havikusimama. Moyo ulitaka, mikono ikafuata amri.

Ila sauti nzito ya nyuma yangu ilikatika. Nikasikia shaba inagusa ardhi. Mwanajuma alikuwa ameliweka tarumbeta chini na kutoka mstarini, mbele ya Luteni, mbele ya mkubwa, mbele ya watu wote.

"Koplo! Nani kakwambia utoke?" Sajini akamkemea. "Huyo kazimia tu, ataamka."

Mwanajuma alikuwa ameshapiga magoti, mkono uko shingoni mwa Hamadi.

"Hajazimia tu, Sajini. Mwili unaungua na anasema ovyo. Tukimwacha atatufia."

Somo hilo tulilisoma sote, darasa moja, ubao mmoja. Joto likimzidi mtu mpaka akili ikavurugika, huna muda wa kungoja. Sote tulikuwa tunajua. Aliyetoka mstarini ni mmoja.

Alimfungua vifungo vya koti, vingine akavikata kwa kuvuta. Akamshika miguu, akaniita kwa jina nimshike mabega, na hapo ndipo mikono yangu ilipoacha ngoma. Tukamburura mpaka kwenye kivuli cha gari la maji, lile linalokuja kumwagia uwanja usitimke vumbi. Dereva hakungoja kuambiwa, alifungua mpira wa maji tukamwagia Hamadi kichwa mpaka miguu. Wengine nao wakaacha kupiga, wakaja; mmoja wao akaleta kikombe amnyweshe.

"Usimpe! Hajitambui, atapaliwa," Mwanajuma akasema. "Nendeni kwa yule wa juisi ya miwa, mleteni barafu."

Muuza juisi akavuka barabara mbio na ndoo nzima. Tukamwekea barafu kwapani na shingoni, wengine wakampepea kwa makaratasi ya nota. Gari la wagonjwa lilipofika, Mwanajuma aliwaomba wasiache kumpoza njiani.

Hapo nikaisikia pumzi yake. Ilikuwa inapiga mluzi.

Mbio, vumbi, kumburura mtu mzito kuliko yeye. Kifua kilikuwa kimembana. Alikaa chini kwenye tope, mgongo umeegemea gurudumu, mabega yanapanda na kushuka. Na Luteni amesimama mbele yake, hatua chache, anamtazama. Ndiye yule atakayeamua habari ya stoo. Nilitamani nimfunike kwa khanga asimwone.

Mwanajuma hakugeuza uso. Alitoa pampu mfukoni, akaitikisa, akavuta, akaziba pumzi. Akangoja. Akavuta tena. Alifanya taratibu, kama mtu anayekunywa dawa yake nyumbani kwake.

Luteni alichuchumaa. Sijapata kumwona amechuchumaa.

"Kifua vipi?"

"Kinafunguka, afande."

"Utakwenda na wewe hospitali. Nataka daktari akuone leo hii. Na habari ya kupuliza au kutopuliza, atasema daktari. Mimi nshaacha kuyasikiliza ya watu."

Kisha akasimama, akaamrisha bendi nzima ivue makoti na kwenda kivulini. Mkubwa wa ukaguzi naye akavua kofia yake.

Alasiri nikaenda hospitali. Hamadi ameamka, amechoka, dripu mkononi, anaona haya. Daktari alisema watamweka siku kadhaa waangalie figo zake, na kwamba kupozwa pale pale uwanjani ndiko kulikomwokoa. Mama yake, Bi Mize, alikuwa ameshafika kutoka Matemwe, khanga yake bado ina chumvi ya baharini alikokuwa akivuna mwani.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe uliyemtoa juani?"

Nikamwonyesha Mwanajuma, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje akisubiri kuitwa apimwe tena. Bi Mize akatoka, akakaa karibu yake. Hakumshukuru kwa maneno mengi. Aliweka kiganja chake mgongoni mwa Mwanajuma, akawa anausikiliza ule mgongo ukipanda na kushuka, mpaka pumzi ikawa haina mluzi tena. Mwanajuma, ambaye uwanjani hakutetemeka, akalia.

Daktari alimwambia aendelee na dawa zake, apumzike kwanza, kisha atampima tena ndipo aseme kuhusu tarumbeta. Kwa hiyo sijui. Huenda akarudi nyuma yangu, huenda asirudi. Yeye amesema, "Nikipelekwa stoo nitakwenda. Lakini Hamadi ataimaliza nyimbo yake."

Jioni ujumbe umetumwa kwa wote: mazoezi yatakuwa baada ya Alfajiri, jua halijakomaa, bila makoti, na aliyefunga aseme, aliye na pumu aseme, hapana atakayelaumiwa.

Nimekaa nikijiuliza: ingekuwa mimi ndiye wa kwanza, ningeiweka ngoma chini?

Nshajaza chupa mbili za maji nikaziweka mlangoni. Moja yangu, nyingine ya yeyote watakayemsimamisha kesho kulia kwangu. Na nikimwona anatabasamu peke yake, sitangoja kuitwa kwa jina.