Kadi ya Picha za Shamsa

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetia mikono magauni mawili ya wateja, nikapiga pasi, nikarudi kwenye simu kutafuta kamera ya kununua. Wiki ya tatu hii. Kila ukurasa unasema lake. Shamsa, binti wa mama yangu mdogo kule kisiwani Pate, anaolewa mwisho wa mwezi. Ameniomba nipige picha za shughuli ya wanawake. Mpiga picha mwanamume haingii, na simu zote zitaachwa mlangoni. Nimekubali. Kamera sina. Wazimu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia Bi Zainabu wa Mombasa. Yeye hupiga picha za harusi tangu mimi sijui kushika sindano. Nikamwambia nataka kamera kubwa mpya na lenzi ya zumu ndefu, ya kumvuta mtu kutoka mbali. Akacheka sana.

"Ndani ya chumba utamvuta nani, Nuru? Bibi harusi yuko mbele ya magoti yako!"

Akasema nichukue kamera ndogo ya kujifunzia, hata iliyotumika, bora iwe nzima. Pesa nyingi nizitie kwenye lenzi. Akaitaja: milimita hamsini, fupi, haina zumu, lakini tundu lake hufunguka sana na kuingiza mwanga. Nyumba zetu za mawe zina giza. Ukitaka mtu awe karibu, sogea wewe.

Nimeona haya kidogo. Lakini moyo umetulia. Allah amlipe kheri.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepita duka moja hapa Amu, Lamu mjini. Muuzaji kanipangia mezani tripodi, flashi kubwa, vichujio vya rangi, mkoba wa kubebea kamera tatu. Nilikaribia kuchukua vyote. Vinang'aa. Nikatoka mikono mitupu, nikijipongeza njia nzima hadi nyumbani Wiyoni. Bi Zainabu atanitafutia huko aliko.

Jumatano, 23 Aprili

Imefika!

Imetumika, ina mkwaruzo ubavuni. Lenzi mbili: ile ya kawaida iliyokuja nayo, na ya hamsini. Betri mbili. Kadi mbili za kuhifadhia picha. Kipulizio cha vumbi. Vifuko vya kukausha unyevu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Nimempiga Mama akichambua mchele. Picha kumi ukungu mtupu. Ya kumi na moja: macho yake, kope moja moja, na ukuta nyuma umeyeyuka kama maziwa. Nimelia. Mama akauliza nalia nini. Nikamwonyesha picha. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 25 Aprili. Pate

Shughuli imefana. Lenzi ya kawaida ilinitolea giza, watu kama vivuli. Nikatia ya hamsini. Nikasogea. Nikapiga magoti, nikapanda kiti, nikabanwa na makalio ya watu. Nywele wazi, hina hadi viwikoni, mashangazi wakicheza kama wasichana. Hakuna aliyejificha. Wameniamini. Kadi ya kwanza ikajaa katikati ya ngoma, nikabadilisha mbiombio.

Sijawahi kufurahi hivi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi Amu. Kadi ya kwanza haipo.

Nimekung'uta mkoba mara nne. Mifuko ya buibui. Viatu. Haipo.

Wanawake wote wale, vichwa wazi, wamo ndani ya kitu kisichozidi kucha ya kidole gumba. Je, akiiokota mtu, akaitia kwenye kompyuta? Naogopa hata kuandika.

Kuna sauti inaniambia niseme kamera iliharibika. Nani atajua?

Jumapili, 27 Aprili

Nimesema. Nilimpigia mama mdogo, Bi Mwanaisha, baada ya alfajiri. Nikamwambia yote bila kupunguza. Akasema:

"Ungenificha nisingekusamehe. Sasa kata simu, nikatafute."

Mchana akapiga. Wamefagia nyumba nzima, wamepekua hadi mito. Hakuna. Hakunitukana. Ingekuwa rahisi kama angenitukana.

Nimeharibu gauni la mteja. Nimekata upande mmoja mfupi.

Jumanne, 29 Aprili

Simu asubuhi: imepatikana!

Bi Rukia, jirani wa mama mdogo, alikuwa ameazimisha mkeka wake kwa shughuli. Jana kaukunjua kwake, kadi ikaanguka. Akaipeleka kwa mama mdogo. Wakataka kumpa nahodha wa mashua aniletee. Bi Rukia akakataa kuiachia njiani mikononi mwa mtu.

Adhuhuri yuko mlangoni kwangu, mtu mzima, miguu imevimba kwa safari. Akafungua fundo kwenye pindo la leso.

"Nimekuya nayo mwenyewe, mwanangu. Kitu cha sitara hapewi mtu ndiani."

Nikaitia kwenye kamera. Picha zote zimo. Nilimshika mikono, nikalia. Akaniambia nisimlilie, nimpe maji ya kunywa.

Amekula, amelala kidogo kitandani pa Mama. Nimekaa nikimtazama akipumua. Naye ni jirani tu. Haikumlazimu.

Jumatano, 7 Mei. Pate

Bi Zainabu amezichapisha nyumbani kwake, yeye na binti yake, asizione mwanamume. Leo nimeleta albamu.

Shamsa aliipitia haraka, akicheka, kisha akaenda kumpikia mumewe. Mama mdogo akabaki nayo. Akafungua polepole, ukurasa kwa ukurasa. Akasimama kwenye moja: yeye mwenyewe, kichwa nyuma, mdomo wazi, anacheka kwa nguvu zake zote.

"Ndimi huyu?"

"Ni wewe, mama."

"Sikujua nacheka hivi."

Akakaa nayo magotini, kidole juu ya uso wake. Kamera ilikuwa shingoni kwangu, na mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Nimeiacha hapo, sikupiga.